Mfuko Mmoja wa Ziada

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema, ili asiyependa habari za mwanamke aliyekaa kitini aachie hapa. Katika mji wa Kalemie, ambapo watu huvuka ziwa kwenda Kigoma kununua vitenge na kurudi kana kwamba wametoka soko la jirani, mimi nimevuka mara moja tu. Nilitapika kwenda, nikatapika kurudi, nikaapa. Bwana yangu, aliyefanya kazi ya reli mpaka reli yenyewe ikachoka kabla yake, ana maneno anayowaambia wageni wote: "Huyu mama, Leta ikitoa pasipoti ya kutoka chumbani mpaka jikoni, yake itajaa mihuri." Wageni hucheka, nami hucheka nao. Mtu akikutania kwa ukweli huna pa kushika.

Ndiyo maana watu walishangaa niliposhika kazi ya mradi. Lilikuwa shirika dogo la hapa mjini, linachimba visima katika vijiji vya njia ya Nyemba. Mimi nina diploma ya sekondari ya Leta, yaani ya serikali, na mwandiko mzuri, wakanichukua niandike karatasi. Niliandika. Mtu akiandika karatasi za wenzake muda mrefu, anaanza kujua kazi yao, na mimi nikajua. Nikawa natengeneza kronogramu, ile karatasi kubwa ya miraba inayosema juma gani watu wanachimba, juma gani simenti inafika, juma gani pampu inafungwa. Kisha mkubwa wa mradi akapata kazi nzuri zaidi Lubumbashi, akaenda. Kordinateri wetu, ambaye yuko juu ya miradi yote na hayuko katika hata mmoja, akaniambia, "Mama, shikilia kidogo, tunatafuta mutu." Walimtafuta mtu huyo miaka miwili, na mimi nimekaa mbele yao.

Nilishikilia kwa simu. Visima saba vilichimbwa chini ya usimamizi wangu na sikuona hata kimoja. Wanawake wa kamati za maji vijijini waliniita Mama wa Simu. Walipiga nikiwa nasonga bukari, mwiko mkono mmoja, simu imebanwa begani.

"Mama, fundi amekataa kushuka. Anasema kuna nyoka ndani."

"Mwambie nyoka hayumo kwenye kronogramu."

"Amesema weye kuja umwambie nyoka mwenyewe."

Fundi alishuka siku ya pili. Nyoka nilimwandika katika ripoti kama "ucheleweshaji wa siku moja". Ripoti ilisomwa mbali huko, mtu akaandika pembeni kwamba mradi unasimamiwa vizuri sana, na kordinateri akapongezwa.

Kisha ziwa likapanda. Tanganyika halina haraka. Liliingia kwanza katika bustani za watu wa pwani, likaingia uani, likapiga hodi kwenye vizingiti, na asubuhi moja tukalikuta katika biro yetu, ofisi ya mradi. Kiti cha kordinateri kilikuwa kinaelea. Yeye mwenyewe alikuwa misioni, safari ya kazi, Manono. Nikasema moyoni, leo hata kiti chake kimepata safari.

Nyumba yetu iko juu, mlimani, saluni yake, chumba cha kupokelea wageni, ina sakafu ngumu na bati zuri. Kordinateri aliporudi alikuja kwetu mwenyewe, na kilo mbili za sukari na kipande cha sabuni, kama mkwe. Akakaa, akauliza habari za kila mtu, akala dagaa wetu, ndakala, akanawa.

"Mama, vitu vya mradi vitalowa. Ni juma mbili tu. Weye njo mutu wa kuaminika, si mwingine."

Kwetu mgeni aliyekuja na mzigo mkononi haulizwi anaondoka lini. Unampokea mzigo. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu umpe jembe. Mgeni huyu alikuja na majembe yake mwenyewe, mia na ishirini, yamefungwa kumi kumi, akayalaza chini ya kitanda chetu. Mabomba ya plastiki yalipita ukumbini kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni, ukitaka chumvi uyaruke. Burueti nne za kubebea mchanga zilisimamishwa mkia juu katika chumba cha binti yetu, aliyekwisha kuolewa. Simenti ikapata saluni. Simenti haitaki kugusa sakafu wala ukuta, hunyonya unyevu. Mimi ndiye niliyeandika hivyo katika maelekezo ya depo, ghala letu, na kupigia mstari. Kwa hiyo mifuko ilipangwa juu ya mbao katikati ya saluni, na sisi tukakaa ukutani.

Juma mbili hizo zilikula misimu miwili.

Unajua mtu wa nyumbani anapenda nini? Anapenda saa ile ya mchana, vyombo vimeoshwa, mlango uko wazi kidogo, hakuna anayemtafuta. Saa hiyo ilikufa. Madereva walikuja kuchukua mabomba nikiwa kwenye maji ya kuoga. Mafundi walikuja kudai majembe siku ya Bwana, nikiwa nimevaa viatu vya kanisa. Zamani nilikuwa natoka nyumbani kwenda kazini, nalalamika, narudi, nafurahi. Sasa sikuwa na pa kutoka wala pa kurudi. Bwana yangu aliweka redio yake juu ya simenti na kusema kwamba yeye ndiye mwanamume pekee wa Kalemie ambaye mke wake yuko kazini hata akiwa amelala naye. Nilimpiga na kitambaa cha vyombo.

Kufuli la mlango wa saluni lilikuwa na ufunguo mmoja, nao niliufunga katika pindo la kitenge. Hapa lazima niseme habari ya kanuni.

Zamani, kabla ziwa halijatufukuza, burueti moja ilipotea katika depo ya biro. Kila mmoja alisema ufunguo ulikuwa kwa mwenzake. Mimi, kwa bidii yangu ya mtu mwenye diploma, nikaandika kanuni: ufunguo wa depo hautatoka mkono mmoja kwenda mwingine bila remizi-reprizi kamili, yaani vitu vyote vihesabiwe, anayetoa asaini, anayepokea asaini, na kordinateri asimame hapo na kusaini wa tatu. Hapa kwetu huwezi kuacha hata kiti cha ofisi bila remizi-reprizi; sikubuni kitu, niliongeza ukali tu. Kordinateri aliisoma kwa sauti mbele ya wote, akasema, "Mulisikia? Njo kazi hiyo." Niliona aibu ya furaha. Jioni nilimsomea bwana yangu pia.

Sasa binti yetu. Ameolewa Kongolo, na alikuwa anangoja mtoto wa kwanza. Kwetu, mtoto wa kwanza, mama wa binti ndiye anayekwenda. Anamkanda mzazi na maji ya moto, anapika uji, anamwosha mtoto mpaka kitovu kinadondoka na baadaye kidogo. Mama mkwe anasogea pembeni, anachota maji, anangoja zamu yake ya mtoto wa pili. Hakuna aliyeandika kanuni hii, na hakuna anayeivunja.

Binti alipiga simu.

"Mama, utakuja kweli?"

"Nitakuja."

"Weye?"

"Mimi. Kuna mwingine alikuzaa?"

Akacheka. "Mama, Kongolo watafunga soko wakutazame." Kisha kicheko kikamwisha. "Mi naogopa, mama. Kuja."

Nilipanga safari kama kisima. Nilichora miraba: juma la kufunga mizigo, juma la kukabidhi ufunguo, siku ya kamio, lori la kwenda Kongolo, siku za njia kama mvua imenyesha na siku za njia kama haikunyesha. Nilinunua beseni la kuogeshea mtoto. Nilikausha sombe, majani ya mihogo. Mimi, mtu wa kiti, nilijikuta nauliza madereva hali ya madaraja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu kulikuwa na mahali ambapo sikuwepo na nilitaka kuwepo.

Wa kupokea ufunguo alikuwepo, mwenzetu wa kike anayezunguka vijijini kufundisha kamati za maji, mdogo kwangu, ana mtoto anayenyonya. Alikubali bila kufurahi. Aliyekosekana ni kordinateri. Alikuwa Moba, halafu Lubumbashi, halafu Nyunzu, halafu simu yake ikawa haipatikani, halafu ikapatikana.

"Papa Kordinateri, unarudi lini? Nina safari."

"Mama, weye ukiwa pale mi nalala usingizi."

"Njo maana nakuuliza. Mi siko pale tena."

Akacheka kwa upole. Alidhani ni utani. Kila mtu anajua sisafiri. "Nitakuja, mama. Usiwe na wasiwasi. Bila weye mradi huu ungekufa."

Nimefikiri sana juu ya sifa hiyo. Mwanaume akiaminiwa hupewa motokari. Mwanamke akiaminiwa hupewa ufunguo.

Bwana yangu alileta shauri lake. "Nipe mimi. Nililinda treni nzima, nitashindwa na mifuko iliyolala?"

"Kanuni inakataza."

"Nani alitunga kanuni?"

"Mimi."

"Basi kamwombe ruhusa."

Ningeweza kumpa. Nalisema wazi kwa sababu nimekuwa na muda wa kulifikiri. Hakuna askari aliyesimama mlangoni. Lakini nilijua mtu mmoja akipata la kusema, atasema: mwaona, mwanamke, mtoto wa binti yake akija anaacha depo wazi. Hayo niliyaogopa. Na chini ya hayo kulikuwa na jingine ambalo si zuri kulisema: nilipenda kuambiwa kwamba bila mimi mradi ungekufa. Nilikuwa nalalamika kwa majirani, na huku nalalamika kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Kordinateri alifika Jumanne, siku chache kabla ya siku za binti kujifungua. Kamio la Kongolo lilikuwa linaondoka Alhamisi. Beseni lilikuwa mlangoni, na sombe ndani yake.

Tukahesabu. Mwenzangu, mtoto mgongoni, aliita, mimi niliandika, kordinateri alisimama mkono nyuma, kama mtu anayekagua jeshi. Majembe sawa. Mabomba sawa. Burueti sawa. Simenti, karatasi ilisema mifuko themanini na sita. Mwenzangu akahesabu themanini na saba.

"Rudia," akasema kordinateri.

Themanini na saba. Nikahesabu mimi, nikiwa nagusa kila mfuko kwa kidole. Kordinateri akahesabu mwenyewe, akipanda juu ya mbao na viatu vyake vyenye ncha. Themanini na saba. Bwana yangu alikuwa uani anatengeneza mnyororo wa baiskeli, na nilisikia mnyororo umenyamaza.

"Ikipunguka naelewa," kordinateri akasema, anajifuta vumbi. "Kupunguka ni wizi, ni panya, ni maji. Kuzidi, nani ataelewa?"

"Tuutoe tu, papa," mwenzangu akasema. "Tumupe jirani, anajenga."

"Karatasi imekwisha kuona," akasema kordinateri. Na kweli nilikuwa nimeandika.

Hapo ndipo nilipojikaanga mwenyewe kwa mafuta yangu. Niliwaza kwa sauti. Nikasema, kama hapa umezidi mmoja, basi kuna kijiji ambacho tuliwaandikia mifuko na tukawapelekea pungufu ya mmoja. Kisima chao kimejengwa na simenti haba, kitapasuka. Kordinateri akanitazama kwa heshima kabisa.

"Njo vile. Piga simu vijiji vyote, wahesabu walichopokea. Tukijua, nasaini." Akaingia katika jeep yake, akaenda Mpala siku nne.

Nilipiga. Vijiji saba. Kimoja mtandao unapatikana mtu akipanda kwenye kichuguu, nami nikawa nangoja mtu apande. Kingine mama wa kamati alikuwa shambani mbali. Kingine walihesabu mifuko mitupu waliyoikunja, wakagundua mtu ameshonea mmoja mlango wa choo, wakaenda kuuhesabu mlangoni. Mama mmoja wa Nyemba akaniambia, "Mama wa Simu, sisi tulipokea sawa, ila sauti yako leo imekuwa ndogo. Uko na njaa?" Nikamwambia nina safari. Akasema, "Weye?" Hata huko walikuwa wamesikia.

Alhamisi kamio likaondoka. Nililisikia likipandisha mlima, linabadili gia, nikaendelea kuandika majibu ya kijiji cha tano. Bwana yangu hakutania siku ile. Alileta chai, akaiweka juu ya simenti, akakaa ukutani, akainuka, akatoka. Nilifikiri ni huruma.

Jumapili, baada ya misa, mkwe wetu akapiga. Mtoto wa kiume, mzima. Mama mzima, amechoka, amelala. Nani yuko naye? Mama yangu yuko, akasema, usiwe na wasiwasi mama. Niliuliza mtoto anafanana na nani. Akasema bado amekunjamana.

Nilikata simu nikakaa. Kwa wakati ule majibu ya vijiji vyote saba yalikuwa mezani, na yote yalikuwa sawa. Hakuna aliyepungukiwa. Mfuko ule haukutoka popote.

Bwana yangu akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa amevua kofia.

"Mama. Ule mfuko ni wangu."

"Mfuko upi?"

"Ule wa kuzidi. Niliununua bandarini, siku weye ulikuwa kwa fundi wa cherehani, nikauingiza jioni, saluni wazi, weye uko jikoni."

Ilinibidi nirudi nyuma. Katika mvua za kwanza bati lilivuja, na mfuko mmoja ukalowa ukawa jiwe. Ulilowa kwa sababu turubai ya kuufunika ilikuwa imekwenda kufunika baiskeli ya mtu fulani. Nilimsema siku ile mpaka majirani wakamhurumia yeye. Siku mbili baadaye kordinateri akapita, muujiza, nikamwonyesha jiwe, tukaandika: mfuko mmoja umeharibika kwa mvua, akasaini, nikaupunguza kwenye hesabu ya depo, tukalisukuma jiwe nyuma ya jikoni. Bwana yangu siku hiyo alikuwa msibani.

"Nilijua watakuuliza," akasema. "Mi njo nilitoa turubai. Nilisema niweke mwingine, wahesabu, wakute sawa."

"Tulikwisha kuuandika umekufa. Kordinateri alisaini."

"Hukuniambia."

"Weye hukuniambia."

"Ulikuwa hutaki kusikia neno turubai."

Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Na tangu Jumanne umekaa unanitazama napiga simu?"

Akageuza kofia mikononi. "Nilisema, nyumba inayoingiza mfuko kwa siri, watu watauliza, imetoa mingapi kwa siri? Watasema weye ulijua. Nikasema ningoje, pengine watauacha tu. Kisha kamio likaenda, nikaona sasa ni vibaya zaidi kusema."

Nilitafuta hasira nikaikuta, lakini haikuwa na mahali pa kukaa. Ni kazi ngumu kumkasirikia mtu aliyekufungia ndani kwa kukupenda. Nilimwambia avae kofia.

Kordinateri aliporudi, tukaandika pévé, karatasi rasmi ya maelezo. Mwenzangu alishika kalamu, akauliza tuandike nini kama sababu. Kordinateri akatazama dari, akatazama bwana yangu aliyekaa wima kama yuko mbele ya hakimu, akasema, "Andika: kosa la nyumbani." Akasaini. Ilichukua muda wa kunywa chai. Nilimtazama anavyofunga kalamu yake, nikafikiri kwamba chai hiyo tungeweza kuinywa Jumanne iliyopita.

Mwenzangu akapokea ufunguo. Simenti haikuwa na pa kwenda, kwa hiyo mwenye ufunguo ndiye aliyehamia kwenye kufuli: akaja kwetu na godoro, mtoto wake na sufuria moja, akapewa chumba cha burueti. Nilimwona anaufunga ufunguo katika pindo la kitenge, mtoto anavuta pindo hilo hilo. Ningemwambia neno. Sikumwambia. Nilikuwa na haraka.

Usiku wa kuamkia safari, hapana, ilikuwa bado jioni, watoto wa jirani walikuwa wanacheza, nilimpigia binti kumwambia nakuja. Alikuwa ameamka. Mtoto alikuwa analia karibu na simu, sauti kama ya mlango mdogo.

"Mama, si shida," akasema. "Mi najua weye si mutu wa safari."

"Hapana, mwanangu. Mizigo ilikuwa imefungwa. Beseni lilikuwa mlangoni."

"Sasa nani alikukataza?"

Niliwatafuta. Kordinateri hakunikataza, alinisifu. Kanuni niliandika mimi. Vijiji niliamua mimi kuvipigia. Mfuko uliletwa na baba yake kwa ajili yangu. Niliwapanga wote katika kichwa changu, kama nilivyozoea kupanga, na hakuna hata mmoja aliyesimama.

"Hakuna," nikasema.

"Basi," akasema, na akaniambia lazima alaze mtoto.

Nikapanda kamio la Alhamisi iliyofuata, mbele, kati ya dereva na mwanamke mwenye vifaranga. Nilitapika kabla ya Nyemba. Hapo kamio lilisimama kupakia mihogo, na dereva, aliyekuwa ananitania njia nzima, akawaambia wanawake waliokuwa kisimani kwamba ndani ya gari kuna Mama wa Simu. Wakaja na ndoo kichwani kunitazama.

"Njo weye? Tulifikiri uko munene."

"Na mimi nilifikiri kisima kiko kikubwa," nikasema, na wakacheka. Mmoja akanipa maji katika kikombe cha bati. Yalikuwa baridi. Lilikuwa jambo zuri, nalikumbuka, lakini nilikunywa haraka, nikamwomba dereva tuende.

Njia ilikuwa ya siku za mvua, zile nilizozichora katika mraba wa mwisho nikitumaini sitazihitaji. Nilifika Kongolo mtoto ana siku kumi na mbili. Kitovu kilikuwa kimedondoka.

Walinipokea vizuri. Mkwe alichukua beseni na kuliweka juu ya jingine, walilokuwa nalo. Mama mkwe wa binti, mwanamke mwembamba mwenye mikono ya nguvu, alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Karibu, mama wa biro. Tulikuoshea mutoto." Alicheka, nami nikacheka. Alikuwa na haki. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na aliifanya vizuri: binti alikuwa na rangi, matiti hayakumuuma, uji ulikuwa motoni.

Binti akanipa mtoto. Nilimshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, alinitazama kama mtu anayesoma barua ambayo mwandiko wake haujui, kisha akaanza kulia. Nilimsogeza bega hili, nikamsogeza bega lile, nikampigapiga mgongo kama nilivyompiga mama yake. Hakunyamaza.

Binti alinyoosha mikono, akamchukua, na bila kunitazama, wala si kwa ubaya, akamvusha mbele yangu kwa mama mkwe. "Yeye anajua vile anapenda," akaniambia. Mwanamke yule alimlaza tumbo chini juu ya mkono wake mmoja, kichwa kwenye kiwiko, akamtikisa mara mbili, na mtoto akanyamaza.

"Njo vile, mama," akasema, akinigeuzia mkono ili nione. "Kichwa hapa. Utajaribu kesho."

Nikasema sawa. Wakanionyesha kiti, nikakaa.